Gauti: kipimo kikisoma kawaida, usidanganyike

Nyama choma na bia mnadani Msalato, jua la Dodoma, maji kidogo. Usiku kidole gumba cha mguu kinawaka: ndiyo gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na fuwele (chembe ngumu) za asidi ya yuriki. Asidi hiyo kwenye damu inaweza kusomeka kawaida katikati ya shambulio, kwa hiyo kipimo kirudiwe angalau wiki 2 baada ya maumivu kuisha. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, huanza miligramu 100 kwa siku (figo zikiwa dhaifu, 50), huongezwa polepole kila wiki 4 hadi asidi ishuke chini ya maikromoli 360 kwa lita. Miezi ya mwanzo maumivu hurudi kwa sababu fuwele zinayeyuka. Jamani, msiache dawa hapo! Goti la mzee likivimba ghafla, fikirieni fuwele za kalsiamu pia. Likija na homa, maji ya goti yavutwe kwa sindano siku hiyohiyo, maana usaha huharibu kiungo haraka.