Safu ya sita: jinsi ninavyosoma majibu yangu ya tezi ya shingo

Nina daftari dogo linalokaa droo moja na dawa. Kila ukurasa nimeupiga mistari ya safu: tarehe na saa ya kutolewa damu, TSH na FT4 (vipimo viwili vya damu vya tezi, nitavieleza), dozi niliyokuwa nayo siku hiyo, na wiki zilizopita tangu dozi hiyo ianze. Safu ya sita niliiongeza baadaye, nikaiandika "mengineyo" kwa kukosa jina zuri. Hiyo ya sita ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, ila nitafika huko.

Tezi yangu inafanya kazi chini ya kiwango. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na kila dalili niliyokuwa nayo ilikuwa na kisingizio chake. Uchovu ni madarasa ya watoto tisini. Nywele kukatika ni dawa za saluni. Kukosa choo ni ugali wa kila siku. Hedhi nzito ni umri. Kilichokosa kisingizio ni baridi: mwezi wa pili, Tanga, mwenzangu kafungulia feni mpaka mwisho na mimi nimejifunika blanketi. Nilipokwenda hospitali kwa ajili ya uchovu, daktari aliona lehemu imepanda na mapigo ya moyo yako hamsini na kitu kwa dakika, akanisikiliza sauti iliyokuwa imeanza kukwaruza, akaandika kipimo ambacho sikuwahi kukisikia. Majibu: TSH 62, FT4 5.1. Pembeni mwa ya kwanza kuna H, yaani iko juu ya kiwango, pembeni mwa ya pili kuna L, yaani iko chini.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni hilo. Naambiwa homoni imepungua, mbona namba kubwa imepanda? Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifungua akili kwa mfano wa kondakta. Daladala ikiwa tupu, kondakta anapiga kelele mpaka sauti inakauka; ikijaa, ananyamaza. TSH haitengenezwi shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiita tezi ya shingo itoe homoni. Homoni yenyewe ni T4, na ile sehemu yake iliyo huru kwenye damu ndiyo FT4. Ikipungua, kelele za kondakta zinaongezeka. Kwa hiyo TSH kubwa maana yake dawa haitoshi, na TSH iliyoshuka mno maana yake dawa imezidi. Mpaka leo nakutana na watu kliniki wanaofurahia TSH kubwa wakidhani homoni imejaa.

Tena kelele hizo haziongezeki kwa uwiano sawa. T4 ikishuka kidogo tu, TSH inaruka mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu TSH inaweza kuwa imetoka nje ya kiwango wakati FT4 bado iko ndani, na ndiyo sababu daktari anaitazama TSH kwanza. Kuna kundi moja ambalo kanuni hii haiwafai: wale ambao tatizo lao liko kwenye tezi ya ubongoni yenyewe, kwa mfano mama aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua na ile tezi ikaumia. Kwao kondakta ndiye mgonjwa. TSH yaweza kusomeka kawaida huku FT4 iko chini, na dozi yao hupangwa kwa kuangalia FT4.

Kipimo cha tatu kilikuwa cha kingamwili, kinachoitwa anti-TPO. Changu kilikuwa juu sana. Maana yake kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne. Kipimo hiki kinasema kwa nini tezi imechoka. Hakisemi unywe dawa kiasi gani, hivyo kukirudia kila miezi mitatu ni kuchoma hela. Nilimuuliza daktari kama tukirudie tuone kimeshuka, akasema, "Kikishuka au kisishuke, nitakuandikia dawa ile ile." Tukaishia hapo.

Nilianza levothyroxine, yaani T4 ya kidonge, mikrogramu 50. Wiki ya tatu nikawa nimeanza kuchangamka, nikataka kupima. Daktari akakataa. T4 inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inachukua karibu wiki nzima kuondoka, hivyo dozi mpya huchukua wiki tano hivi kutulia, na TSH inakuja nyuma yake. Ukipima mapema unapata namba ya njiani, si ya mwisho wa safari. Wiki sita hadi nane ndiyo subira yenyewe, na subira hiyo inaanza upya kila dozi inapobadilishwa. Kwangu ilikwenda hivi: kwa 50, TSH ikawa 18.4, kwa 75, ikawa 6.3, kwa 100, ikawa 2.1 na FT4 17. Kiwango cha maabara ile ni 0.27 hadi 4.2 kwa TSH, na 12 hadi 22 kwa FT4. Mtu ambaye tezi yake imekwisha kabisa huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mimi nina kilo 62, ukizidisha unafika pale pale kwenye mia.

Safu ya wiki imenipa faida nyingine. FT4 inabadilika ndani ya siku chache, TSH inakumbuka wiki nyingi. Mtu anayesahau dawa mwezi mzima kisha akainywa kwa bidii wiki ya kliniki, majibu yake yanamchongea: FT4 iko vizuri, hata juu kidogo, na TSH bado imepanda. Daktari wangu anasema akiona karatasi ya namna hiyo haongezi dozi, anauliza kwa upole, "Mwezi uliopita ulikuwaje?"

Safu ya saa nayo haipo kwa urembo. TSH hupanda usiku na alfajiri, ikashuka mchana, na FT4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza kidonge. Basi mimi nafika maabara saa moja asubuhi, kidonge kiko kwenye pochi, nachomwa sindano kwanza halafu nakimeza na maji nikiwa pale pale kwenye benchi. Kufunga kula hakuhitajiki kwa kipimo hiki, ingawa kwa kuwa kidonge nakinywa tumbo tupu, najikuta nimefunga tu.

Kisha kuna suala la vizio vya kipimo. Mashine ya maabara niliyoizoea iliharibika, nikapima kwingine. FT4 ikaja 1.2. Kwa mtu aliyezoea kuona 17, moyo unaruka. Nikatazama pembeni: kiwango chao ni 0.93 hadi 1.7, na wameandika ng/dL wakati wale wa kwanza huandika pmol/L. Ukizidisha 1.2 kwa 12.87 unapata kama 15.4. Hakuna kilichoporomoka. TSH haina usumbufu huo, mIU/L na µIU/mL ni namba ile ile. Lakini mashine mbili tofauti zinaweza kutoa TSH zinazotofautiana kidogo kwa damu moja, kwa hiyo nikipata nafasi ya kuchagua narudi maabara moja.

Sasa safu ya sita. Nilikuwa nimetulia kwenye mia, kisha TSH ikaja 7.9. Dozi ile ile, sijaruka siku hata moja. Daktari alikuwa na foleni hadi mlangoni, akaandika 125. Dirishani pa dawa, mfamasia, kijana mdogo tu, akasoma karatasi, akasoma na kadi yangu ya nyuma, akaniuliza:

"Mama, hii ya tezi unakunywa saa ngapi?"

"Alfajiri, nikiamka."

"Na fefo uliyopewa mwezi ule?"

"Hapo hapo, nimalizane nazo."

Akaweka pakiti zote mbili kaunta, akazitenganisha kwa kiganja. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu hushikana na levothyroxine tumboni, na dawa inapita bila kuingia kwenye damu. "Zipeane masaa manne," akasema, "na rudi kwa daktari na neno hili kabla sijakupa 125." Nikarudi. Daktari akakata ile 125, akabakisha mia, fefo ikahamia usiku. Kipimo kilichofuata TSH ilikuwa 2.6. Tangu siku hiyo kila dawa ninayoanza inaingia "mengineyo": kalsiamu na dawa za kiungulia zina mtindo huo huo, na omeprazole pia kwa kupunguza asidi ya tumbo. Kahawa ndani ya saa moja baada ya kidonge, vilevile. Chai yangu ya maziwa siku hizi inasubiri mpaka nimeoga, nimevaa na kuwaamsha watoto. Akina mama wajawazito nawasihi zaidi kwa hili, maana fefo wanapewa wote, na mimba yenyewe inadai dozi ya tezi ipande mapema. Mwambie daktari siku unapojua una mimba, usisubiri kliniki ya kwanza.

Mara nyingine safu hiyo ilizuia kosa la upande wa pili. Nywele zilikuwa zinarudi taratibu, nikanunua vidonge vya nywele na kucha. Majibu yakaja TSH 0.09, FT4 29, picha ya mtu aliyezidisha dawa. Kuzidisha si mchezo, kwa muda mrefu huchosha moyo na kula mifupa, na hatua ya kawaida ingekuwa kupunguza dozi. Ila mapigo yangu yalikuwa 70, mikono haitetemeki, nalala vizuri. Daktari akafungua daftari, akakuta nimeandika jina la vile vidonge, akasoma kopo: biotini mikrogramu 10,000. Baadhi ya mashine za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, na ikijaa kwenye damu inazidanganya: TSH inasomeka chini, FT4 inasomeka juu. Niliiacha siku kadhaa, nikapima tena, TSH 1.8. Dozi haikuguswa.

Wanaokupa ushauri wa mtaani nao wanastahili mstari. Shangazi yangu aliniletea unga wa mwani kutoka Unguja. "Mwanangu, shingo ni madini, kunywa mwani." Hakukosea moja kwa moja, upungufu wa madini joto ndio uliokuwa ukileta rovu sehemu nyingi za bara, na ndiyo sababu chumvi yetu inatiwa madini hayo. Lakini kwa ugonjwa kama wangu upungufu si wa madini joto, na mwani unayo mengi kiasi cha kuweza kuizidishia tezi dhoruba. Nilimshukuru, nikautumia kuoshea uso.

Joto pia. Boksi la dawa yangu limeandikwa itunzwe chini ya nyuzi 25, na hapa mwezi wa pili hata ndani kwenye kivuli ni zaidi ya hapo. Vidonge nimevitoa dirishani na kwenye dashibodi, vinakaa kwenye karatasi yake ya awali ndani ya droo ya chumba chenye upepo. Nikibadilishiwa kiwanda, kwa sababu duka la dawa limeishiwa na kile nilichokizoea, naandika, na wiki sita baadaye napima.

Ramadhani nimeipanga na daktari: kidonge nakinywa wakati wa kulala, masaa matatu baada ya chakula cha mwisho, na daku inakuja baadaye sana. Wapo wanaokinywa nusu saa kabla ya daku, inategemea usingizi wa mtu. Siku za kwanza baada ya Idi sipimi. Nasubiri ratiba ya kawaida irudi, la sivyo napima Ramadhani badala ya tezi.

Mwaka huu daftari limepata mteja mwingine. Mama yangu, miaka 76, alipimwa kwa sababu ya kusahausahau, akaja na karatasi yenye TSH 5.6 na H yake, FT4 ya kawaida. Kwa namba zangu nilikuwa tayari nimeshamwanzishia dawa kichwani. Daktari akasema hapana. TSH hupanda na umri, hiyo H imewekwa na kompyuta kwa kipimo cha watu wazima wote, na kwa mtu wa umri wake kuzidisha dawa kuna hatari kubwa kwa moyo kuliko 5.6 isiyotibiwa. Arudie baada ya miezi mitatu. Mama akaniambia, "Basi niandike." Nikampigia mistari ukurasa wa nyuma. Safu ya dozi nimeiacha tupu, na kwenye mengineyo nimeandika dawa yake ya presha na kahawa chungu ya baada ya sala ya alfajiri, ambayo amesema haiachi hata akiandikiwa nini.