Tulikuwa tunawapashia joto panya wa uvunguni

Januari ya mwaka jana mwanangu alianza kulala na koti. Si sweta, ni lile koti zito la kwendea shule, lenye kofia, na soksi mbili mbili. Chumba chake ndicho cha mwisho ukumbini, mbali kabisa na hita. Baba yake akipandisha themostati, sebule inakuwa Tanga ya mwezi wa pili, na chumba cha mtoto kinabaki Lushoto alfajiri.

Tunaishi Columbus, Ohio, huku Marekani, kwenye nyumba ya mwaka 1978 isiyo na ghorofa. Kwa walioko nyumbani niwaeleze kidogo: huku, kwenye nyumba nyingi, hita haziwekwi kila chumba. Kuna mashine moja ya gesi, yetu imesimama kwenye kijichumba cha kufulia. Inapasha hewa na kuisukuma kwenye mabomba yaliyopita uvunguni, yaani ile nafasi finyu kati ya sakafu ya nyumba na ardhi, nayo inatokea vyumbani kupitia matundu yenye wavu wa chuma. Bomba jingine kubwa huivuta hewa iliyopoa na kuirudisha kwenye mashine. Kiangazi kikija, eisii inatumia mabomba hayo hayo. Mafundi huyaita dakti. Mimi nilikuwa nimekaa miaka sita juu yake bila kuyaona hata siku moja.

Tuliita kampuni. Akaja kijana nadhifu, akakaa dakika ishirini, akaitazama hita, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akatuandikia dola 7,800 za hita mpya. Uvunguni hakuchungulia. Baba watoto alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, fundi mstaafu wa kazi hizo hizo. Aliniuliza jambo moja tu: "Umepima hewa inayotoka?" Nikachukua kipimajoto changu cha nyama, nikakiweka kwenye tundu la karibu na hita: nyuzi 46. Nikaenda chumba cha mtoto: 27, na hewa yenyewe inatoka kama mtu anayepuliza chai. Mzee akacheka. Hita ni nzima, akasema, ila joto linapotelea njiani. Serikali ya Marekani yenyewe, kupitia mpango wake wa kuokoa nishati uitwao Energy Star, inasema katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea kwa sababu ya matundu na viungo vibovu. Yaani katika kila dola tano unazolipa, moja au zaidi unaitupa.

Dalili zote nilikuwa nazo puani. Kila hita ilipowaka, nyumba ilinuka udongo mbichi na kuvu. Mimi nikalaumu zulia. Vumbi nalo, nafuta meza asubuhi, jioni naandika jina langu juu yake. Na nilikuwa nimefanya kosa wanalofanya wengi: nilifunga matundu ya vyumba visivyo na mtu, nikidhani joto litakimbilia kwa mtoto. Kumbe feni inaendelea kusukuma vilevile, presha inapanda ndani ya bomba, na hewa inazidi kupenya kwenye nyufa.

Jumamosi nikavaa barakoa, glovu na kilemba cha zamani, nikaingia uvunguni. Baba watoto ana tumbo, kile kilango hakimpitishi, kwa hiyo alibaki juu akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mzee alikuwa ameniambia nitumie kitu chenye moshi mwembamba. Nikachukua udi wa vijiti. Kwanza nilihakikisha hakuna harufu ya gesi, feni ikiwa inazunguka, kisha nikapitisha kijiti taratibu kwenye kila kiungo. Kwenye bomba linalopeleka hewa, moshi ukisukumwa pembeni, hapo pana tundu. Kwenye bomba linalorudisha, moshi unamezwa.

Nikafika kwenye kona ya bomba la kurudisha, moshi wote ukaingia ndani, wote! Dakika mbili baadaye nasikia mama mkwe anaita kutoka chumbani kwake: "Mwanangu, leo kuna harusi?" Udi ulikuwa umeshasambaa nyumba nzima. Hapo ndipo nilipoelewa lile kuvu lilikuwa linasafiri vipi.

Bomba la chumba cha mtoto lilikuwa la aina laini, linalojikunja. Nusu yake lilikuwa limechomoka kwenye shingo ya chuma, na mbele kidogo limelala chini, limejikunja kwenye nguzo kama mpira wa maji uliokanyagwa. Pale kwenye chuma palikuwa na joto zuri sana. Nyayo za panya zilijaa. Na viungo vilikuwa vimezungushiwa ile tepu ya kijivu ya kitambaa, imekauka inaning'inia kama majani ya mgomba. Inaitwa tepu ya dakti, na kwenye dakti ndiko isikofaa: watafiti wa maabara ya Berkeley, California, waliijaribu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakakuta gundi yake inaachia kwa joto.

Dawa ni mastiki, uji mzito wa kijivu unaouzwa kwa ndoo. Unaupaka kwa brashi, unene wa sarafu. Ufa ukizidi robo inchi, tandika kwanza utepe wa wavu wa nyuzi za glasi, ndipo upake. Lile bomba laini nililivuta likanyooka, nikarudisha utando wa ndani kwenye shingo, nikaubana kwa mkanda, nikapaka, kisha nikavuta blanketi lake la pamba ya glasi juu na kulibana nalo. Nikalining'iniza kwa mikanda mipana, kila baada ya futi nne. Vifaa vyote dola 94. Mgongo wangu sikuuhesabu.

Mambo mawili usiyachezee. Ukikuta dakti ya zamani imefungwa kitambaa cheupe kama plasta, usikiguse, huenda ni asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Ita wenye kazi yao. Na kama una chombo chochote cha gesi karibu na bomba la kurudisha, weka kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, maana bomba linalovuta ovyo linaweza kurudisha ndani moshi uliotakiwa kutoka nje.

Jioni nikapima tena chumba cha mtoto: 41. Bili ya Februari ilishuka, ila Februari hiyo baridi nayo ilikuwa imelegea, kwa hiyo sijidanganyi kwamba ni mastiki peke yake. Koti limerudi msumarini. Kuna kiungo kimoja nyuma ya bafu ambacho mkono wangu haufiki, namsubiri mpwa wangu mwembamba aje likizo. Mastiki imebaki nusu ndoo, na wifi yangu wa Dayton ameshaiulizia mara mbili.