Kabla ya kuchagua mji Korea, chagua njia ya treni

Kila msimu wa maombi ukikaribia, vijana wanaotaka kuja Korea Kusini kufundisha Kiingereza huniuliza swali lile lile: "Kaka, nikae Seoul au Busan?" Siwezi kulijibu mpaka niambiwe mambo mawili: pasipoti yako ni ya nchi gani, na anayekuajiri ni nani. Hayo ndiyo yanayoamua mji kwa sehemu kubwa, lakini wengi huyafikia mwisho, baada ya miezi ya kutazama picha za Seoul usiku.

Pasipoti naisema mapema kwa sababu inawaumiza wenzetu. Viza ya mwalimu wa lugha inaitwa E-2, na kwa walimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mkenya au Mtanzania mwenye shahada ya ualimu, aliyesomesha Kiingereza kwa miaka, hapati E-2 kwa pasipoti yake. Kwangu mimi hiyo si haki, na nitaendelea kulisema. Wapo wenzetu wanaofundisha hapa kwa njia nyingine, hasa waliofunga ndoa na Wakorea wakapata F-6, viza isiyomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Mimi nafundisha kwa pasipoti ya Kanada, nchi niliyohamia na wazazi wangu nikiwa kijana, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu wa E-2. Na E-2 inakufunga: ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine kabla mkataba haujaisha, unahitaji barua ya yule wa kwanza kukuachia. Ndiyo maana mji uchaguliwe kwa makini. Ukishatia sahihi, huo ni mwaka mzima.

Sasa mwajiri. Ukipitia EPIK, mpango wa serikali ulioanza mwaka 1995, unapelekwa shule za umma. Kwenye fomu unaandika mahali unapopendelea, kisha wao ndio wanaopanga. Ukipewa jiji kubwa kama Busan, Daegu au Daejeon, angalau una uhakika wa kukaa ndani ya jiji hilo. Ukipewa mkoa, kwa mfano Gangwon au Jeolla Kusini, unaweza kuangukia mji wenye kila kitu au kijiji cha mwisho wa basi, na wengi hulijua jina la shule yao siku za mwisho za semina ya kuwapokea. Hagwon ni jambo jingine. Hivi ni vituo binafsi vya tuisheni, vimejaa kila mji, na kila kimoja kinatangaza nafasi zake chenyewe. Huko unachagua mpaka mtaa.

Watu wengi huniambia EPIK ni bora kwa sababu ya likizo na usalama wa mshahara, na ni kweli kwa hayo. Mimi nilichagua hagwon kwa sababu ya Ijumaa.

Mwalimu wa shule ya umma anaingia kazini kama saa mbili na nusu asubuhi na kutoka saa kumi na nusu jioni. Vipindi vyake havizidi 22 kwa wiki, lakini hata asipokuwa na kipindi anatakiwa awe mezani kwake. Swala ya Ijumaa inamkuta katikati ya saa hizo. Hagwon za watoto wa shule huanza watoto wakitoka shule, kwa hiyo mwalimu anaingia saa saba au saa nane mchana na kutoka saa tatu au saa nne usiku. Seoul kuna hata kanuni ya kuzifunga ifikapo saa nne. Kwa mtu anayependa kulala mapema ratiba hiyo ni mateso. Kwangu mimi ilifungua mlango: nikipata hagwon inayoanza saa nane na nusu, kwenye njia moja ya treni na msikiti, sitakosa Ijumaa.

Basi nilianza na msikiti, kisha nikatafuta kazi. Misikiti mikubwa Korea si mingi. Wa Seoul, ulio kilimani Itaewon, ulifunguliwa mwaka 1976. Wa Busan, Al-Fatah, ulifunguliwa mwaka 1980 na uko upande wa kaskazini wa jiji, karibu na kituo cha Dusil kwenye njia namba 1. Nikafungua ramani, nikaisoma njia hiyo kuanzia Dusil kushuka kusini: Guseo, Jangjeon, Chuo Kikuu cha Pusan, Oncheonjang, Myeongnyun, Dongnae. Dongnae kumejaa hagwon. Jangjeon kuna vyumba vya bei nafuu kwa sababu wanafunzi wa chuo ndio wapangaji wakubwa. Nikawaambia mawakala wote wa kutafuta kazi kwamba ninataka Dongnae au jirani yake, na kazi isianze kabla ya saa nane mchana. Wakala mmoja alinikatia simu. Mwingine alinipatia.

Leo naishi Jangjeon. Msikiti uko vituo viwili kaskazini, kazini vituo vinne kusini. Ijumaa naoga, napanda treni, naswali pamoja na wanafunzi wa Kiindonesia na mafundi wa Kibangladeshi, nanunua nyama ya halali, naiweka kwenye friji nyumbani nikipita, na nafika darasani kabla ya watoto. Njia ile ile ukiifuata kusini inakupitisha Seomyeon penye maduka yote, kituo kikuu cha Busan penye treni ya mwendo kasi, KTX, Jagalchi penye soko la samaki, na inaishia Dadaepo, ufukweni kabisa. Bahari, kazi, swala na treni ya kwenda Seoul, vyote kwenye reli moja. Jamani, sijui nimshukuru vipi aliyeichora.

Wengi wakisikia Busan wanafikiria Haeundae. Pazuri, sikatai. Lakini kodi yake ni ya juu, Julai na Agosti watu ni wengi mno, na kwa anayefanya kazi Dongnae ni kubadilisha treni kila siku. Nenda Haeundae jioni ukaangalie bahari, halafu rudi kulala kwako.

Jambo ambalo sikulitegemea ni Gimhae. Ni mji jirani, na kuna treni nyepesi iliyofunguliwa mwaka 2011 inayoiunganisha na Busan kupitia uwanja wa ndege. Viwanda vyake vimevuta wafanyakazi kutoka Uzbekistan, Indonesia, Sri Lanka, Vietnam na kwingineko. Jumapili ndiyo siku yao ya mapumziko, na mtaa wa Dongsang unajaa: mikate ya tanuri ya Kiuzbeki, mishikaki ya kondoo, viungo vya pilau ambavyo kwenye duka kuu la Kikorea huvioni. Naenda huko nikichoka na supu. Kama wewe ni Mwislamu na umepata hagwon Gimhae, usiikatae kwa sababu tu haina jina kubwa.

Seoul nayo niiseme kwa haki yake. Hakuna mji mwingine Korea wenye Waafrika wengi kama eneo la Seoul na mkoa unaoizunguka, Gyeonggi. Itaewon, chini ya msikiti, utapata unga mweupe wa mahindi, mafuta ya mawese, ndizi za kupika na wasusi wanaojua nywele zetu. Hili la nywele wanaume tunalidharau, lakini dada mmoja wa Durban niliyefahamiana naye, aliyepangiwa kijiji cha milimani mkoani Gangwon, alikuwa anasafiri nusu siku kwenda kusukwa na nusu siku kurudi. Ukiwa dada, weka swali la msusi juu ya swali la ufukwe. Dongducheon na Pyeongtaek, kwenye kambi za jeshi la Marekani, pia wapo wasusi, na kodi ni ndogo kuliko Seoul. Ansan, kusini magharibi mwa Seoul, ina mtaa mzima wa wageni huko Wongok, na treni ya njia namba 4 inakufikisha Seoul bila kubadilisha, ingawa ni safari ya zaidi ya saa moja.

Kinachonikwaza Seoul ni nyumba. Mwajiri akikupa chumba, sawa, ingia. Akikupa posho badala ya chumba, piga hesabu upya. Kwa miaka mingi posho ya nyumba ya EPIK ilikuwa won 400,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo Jangjeon unapata chumba kimoja chenye jiko na bafu, labda uongeze kidogo. Seoul, chumba kama hicho kinaweza kuvuka won 600,000, na dalali atakuomba amana ya won milioni 10 kabla hujapewa ufunguo. Utarudishiwa ukihama, lakini mwalimu anayeanza anaitoa wapi? Mshahara hauongezeki kwa kiasi hicho kwa kuwa uko mji mkuu.

Na Seoul si mbali. KTX kutoka Busan ni kama saa mbili na nusu, tiketi ya kawaida won 59,800. Ukikaa Daejeon, katikati ya nchi, ni saa moja tu. Kwa hiyo nawaambia watu waifanye Seoul mji wa wikiendi, wakasuke, wale, waonane na jamaa, kisha warudi.

Miji mingine naipita haraka kwa kuwa nimeitembelea tu. Daegu iko kwenye bonde lililozungukwa na milima, na joto lake la kiangazi linajulikana nchi nzima. EPIK huwachukua walimu wengi huko, na wanaoishi huko wanausifu kwa gharama ndogo. Lakini Mwislamu afahamu kisa cha Daehyeon, karibu na Chuo Kikuu cha Kyungpook: wanafunzi walianza kujenga msikiti, wakazi wakapinga, ujenzi ukasimamishwa mwaka 2021, na vichwa vya nguruwe vikawekwa mbele ya kiwanja. Mahakama ya Juu iliwapa wanafunzi haki mwaka 2022. Sisemi usiende Daegu. Nasema nenda ukijua. Gwangju nimeipenda kwa chakula, na kwa namna watu wake wanavyoikumbuka Mei 1980, waliposimama mbele ya jeshi wakidai demokrasia. Mzee mmoja alinitembeza makaburini akanieleza kwa ishara, na tulielewana. Jeju ni kisiwa kizuri chenye upepo mkali, na nafasi za kazi ni chache.

Vijijini kuna jambo watu hawaelezwi. Korea watoto wamepungua sana. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi 0.72 kwa kila mwanamke. Shule za mashambani zimebaki na wanafunzi wachache, kwa hiyo mwalimu mmoja wa Kiingereza huzungushwa shule mbili, tatu, hata zaidi, kwa mabasi yanayopita mara chache. Kuna wanaoyapenda maisha hayo, kwa kuwa watoto ni wapole na jirani anakuletea kabichi. Lakini usiyachague kwa kuamini utakuwa na muda mwingi.

Ngozi pia inaingia kwenye uchaguzi wa mji, nisifiche. Waajiri hapa huomba picha pamoja na maombi. Hagwon moja ya mtaa wa kitajiri iliniita kwenye usaili kwa kusoma karatasi zangu, ilipoona picha ikanyamaza. Iliniuma sana. Nilipoomba mitaa ya kawaida ya Busan niliulizwa kuhusu masomo na uzoefu, basi. Naamini mahali ambapo wazazi wananunua jina na sura ya mwalimu, sisi tunapata shida zaidi. Mahali ambapo wanataka mtoto aongee, tunasikilizwa. Watoto wenyewe wiki ya kwanza walitaka kushika nywele zangu, wiki ya pili wakasahau.

Ukipata tangazo lisemalo "karibu na Seoul" au "dakika chache kutoka Busan", omba anwani kamili ya kazi na ya chumba, kwa Kikorea. Iweke kwenye KakaoMap au Naver, kwa sababu ramani za Google hapa hazikupi njia vizuri kama kwingine. Pima safari kwa saa utakayotoka kazini, si kwa saa ya mchana, maana ukitoka saa nne usiku treni bado zipo, lakini mabasi ya mitaa yameanza kuadimika.

Kisha omba kuzungumza na mwalimu anayeondoka, bila mwajiri kusikiliza. Muulize mshahara unaingia tarehe ngapi na kama umewahi kuchelewa. Muulize chumba kinapata jua au ukungu, kwa kuwa msimu wa mvua wa Juni na Julai ukuta usio na jua huota kuvu. Muulize chakula cha mchana kinatoka wapi na kama unaweza kubeba chako. Mwajiri akikataa usizungumze na mwalimu huyo, mimi ningetafuta tangazo jingine, hata kama hilo la kwanza liko ufukweni.