Mawe yanaota

Leo nilikuwa zamu ya asubuhi. Mnaonijua mnajua kazi yangu, natunza wazee majumbani huku Minnesota, Marekani.

Bibi ninayemhudumia ana miaka 96 na ni mtu wa maneno machache. Leo kanikuta nachambua maharage, nikatoa kijiwe.

Akacheka! "Mawe," akasema, "kwetu yalikuwa yanaota."

Wazazi wake walitoka Uswidi, wakafungua shamba kaskazini mwa jimbo, penye visiki vitupu. Kila barafu ya baridi ilipoyeyuka, ardhi ilikuwa imesukuma mawe mapya juu. Kuyaokota ilikuwa kazi ya watoto. Mama yake aliwaambia yanaota kama viazi, naye akaamini kabisa.

Nyumbani Kiswidi tupu. Kiingereza alikutana nacho shuleni.

Kisha akaanza kuhesabu maharage yangu.

Ett, två, tre...

Jamani, ile sauti! Miezi minane niko naye sijawahi kuisikia. Ya mtoto kabisa.

Nami nikajibu: moja, mbili, tatu. Tukapokezana hivyo hadi kitunguu kikaungua jikoni 😂

Nyie wenzangu mliolelewa shambani, wazazi waliwadanganya nini?