Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya lainibeka wa timu ya mazoezi

Nikimwambia mtu nacheza futiboli ya Kimarekani kwa kulipwa, swali la kwanza ni gari gani naendesha, la pili ni Jumapili nitaonekana saa ngapi kwenye TV. Sasa nimeona niandike siku yangu moja niiweke hapa, na nimechagua Jumatano kwa sababu Jumatano ndo kazi yenyewe, Jumapili mnayoiona nyie ni mavuno tu.

Mimi ni lainibeka. Ni yule anayesimama nyuma ya ukuta wa mbele wa walinzi, hatua nne tano hivi, mpira ukikimbizwa anaenda kumwangusha aliyeubeba, ukirushwa anarudi nyuma kuziba njia ya pasi. Ila simo kwenye wale 53 wa kikosi kikubwa. Niko timu ya mazoezi, yaani tunafanya mazoezi na kikosi ila siku ya mechi hatuchezi mpaka tupandishwe, na kila klabu ina nafasi 16 hivi. Msimu wa 2025 kima cha chini kwa sisi tusio na miaka mingi kwenye ligi yetu, NFL, kilikuwa dola 13,000 kwa wiki kabla ya kodi. Najua kwa nyumbani ni hela nyingi na nashukuru Mungu kila zikiingia, lakini ligi ina wiki 18 tu, unalipwa kwa wiki uliyopo, na wanaweza kukukata siku yoyote, mara nyingi Jumanne. Kwa hiyo Jumatano nikiamka na kadi yangu ya mlangoni bado inafungua, ujue wiki imeanza vizuri.

Saa 11 alfajiri naamka, saa 12 nipo klabuni. Mizani (kilo 106), mayai, uji, maji mengi, halafu foleni ya kufungwa plasta vifundo vya miguu.

Vidole najifunga mwenyewe. Cha pete na cha kati nafunga pamoja, vya mwisho navizungushia mara mbili juu ya kiungo, maana lainibeka anaishi kwa mikono, unamshika mtu mwenye nguvu kukuzidi kwenye jezi iliyobana kabisa na vidole ndo vinaanza kwenda.

Saa 2 mpaka saa 5 ni vikao. Hapa ndo pale watu wasipotuelewa, wanadhani kazi yetu ni kugonga tu. Macho yangu mimi hayamwangalii mwenye mpira, yanamwangalia gadi, yule jamaa wa ndani kwenye ukuta wa mbele wa washambuliaji, kilo 145 hivi. Akinyanyuka akarudi nyuma ni pasi. Akija mbele kashusha mabega, wanakimbiza mpira kuja kwangu. Akichomoka kuzunguka nyuma ya wenzake basi mpira unaenda anakoenda yeye, na mimi natakiwa niwe nishaanza safari kabla hajafika. Muda wa kusoma yote hayo haufiki sekunde moja. Na yule lainibeka mkuu, mwenye kidoti cha kijani nyuma ya helmeti, anasikia sauti ya kocha masikioni kwa spika, utaratibu ambao ligi iliuleta kwa upande wa ulinzi 2008, ila ile saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila mchezo ikibaki sekunde 15 sauti inakatwa, hapo ni yeye na wenzake.

Sisi wa timu ya mazoezi tunabeba mzigo mara mbili. Lazima nijue ulinzi wetu wote kwa sababu Jumamosi wanaweza kunipandisha nicheze kesho yake (kanuni inaruhusu mara tatu kwa msimu kwa mchezaji mmoja, na mimi nishapandishwa, nishaingia uwanjani, mama yangu aliona kwa macho yake). Halafu hapohapo nijue ulinzi wa timu tunayokutana nayo Jumapili, kwa sababu mazoezini mimi ndo naigiza lainibeka wao. Kila wiki mtu mpya. Kila wiki namsoma anavyosimama, anavyodanganya, bega gani anapenda kutumia.

Saa 5 tunapitia michezo ya Jumapili kwa kutembea taratibu bila kugusana, chakula, saa 7 uwanjani.

Jumatano hii tulikuwa na pedi kamili, zile kinga za mabega na mapaja. Siku za pedi ni chache, makubaliano ya wachezaji na ligi ya 2020 yanaruhusu 14 tu kwa msimu mzima, ndo maana kila kocha anataka aitumie mpaka tone la mwisho. Juu ya helmeti navaa ile kofia ya sponji ambayo ligi iliilazimisha kwa nafasi yetu kuanzia kambi za 2022. Wapo wanaoinung'unikia kwamba haipendezi. Mimi siwezi. Junior Seau alikuwa lainibeka, mmoja wa wakubwa kabisa, alijiua 2012 na ubongo wake ulipopimwa ukakutwa na ule ugonjwa unaoletwa na kugongwa kichwa miaka na miaka. Mama ananiuliza kichwa kila akipiga simu, hata habari za asubuhi zinakuja baadaye.

Nikavalishwa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya jezi, kina namba ya lainibeka wao. Kocha msaidizi anatuonyesha kadi, karatasi kwenye plastiki, vidoti na mishale ya kalamu nyeusi, unaiangalia sekunde mbili tatu, unakimbilia nafasi yako. Mchezo wa kwanza ni gadi kuchomoka. Kadi inasema lainibeka wao hapo haingii ndani, anazunguka nje. Nikazunguka nje. Kocha wa ukuta wa mbele wa washambuliaji wetu akapuliza filimbi, anasema sijampa gadi wake picha halisi, natembea. Tukarudia. Nikaja kwa kasi, tukakutana mimi na gadi, mlio wake ukasikika mpaka pembeni, nikasimama imara na mbeba mpira hakuwa na pa kupita. Filimbi tena, sasa eti naenda kasi mno, leo ni Jumatano, nataka kumuumiza mtu? Na gadi mwenyewe, mchezaji mzuri tu na hatuna ugomvi, kakasirika kwa sababu kasimamishwa na mtu wa timu ya mazoezi mbele ya wote. Tukarudia mara ya tatu. Mara ya nne. Jua limetoka ila upepo wa huku unakata, jasho linapoa mgongoni ukisimama, na wale wa kikosi kikubwa wanabadilishana kupumzika wakati sisi hatuna wa kutubadilisha, lainibeka wa mazoezi tupo wawili, mwenzangu goti limevimba, kwa hiyo kila kadi ni mimi.

Na kinachochosha zaidi siyo kugongwa. Pembeni kabisa kasimama kocha wangu wa malainibeka, yeye ndo atakayenisemea Jumamosi, na anaangalia kitu kimoja: huyu kijana anacheza kweli au anapitisha siku? Nikicheza taratibu kumridhisha wa upande ule, huyu ananifuta. Nikicheza kweli, yule ananifokea. Katikati ya hapo unatafuta kasi moja ambayo ni ya kweli mpaka ile sehemu ya kugusana, unafika mapema, unaweka mikono kifuani, unasimama wima, unamwachia. Kujua kusimama hapo ni ufundi, na najivunia kwamba ninao.

Kadi kama ya kumi hivi kidole kidogo kikatoka kwenye kiungo, kikakaa pembeni. Mtaalamu wa tiba akakishika, akaniambia tazama kule, akakivuta, kikarudi. Plasta mpya, nikarudi. Gadi akanigusa bega akauliza niko sawa, tukaendelea.

Baada ya hapo siwezi kuwaambia saa vizuri. Chuma, maji ya barafu, kikao kingine cha kuangalia video ya mazoezi, na hapo kocha wa mashambulizi akasimamisha picha kwenye ile kadi ya nne akawaambia watu wake, hivi ndivyo yule jamaa atakavyowajia Jumapili. Jina langu hakulitaja. Kocha wangu alinipigia ngumi ndogo ya paja mlangoni, akapita.

Huwa namfikiria London Fletcher. Hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa 1998, akaingia kwa mlango wa nyuma, akacheza mechi 256 mfululizo bila kukosa hata moja, nafasi hii hii yangu. Na Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka raga, alisainiwa na Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa kwenye kikosi anacheza. Njia ipo.

Usiku mjomba akapiga kutoka Tanga, kwao alfajiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Mbona Jumapili hatukuoni, au wamekuonea?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo wewe ndo unawanoa hao."

Ndiyo mjomba. Ndo kazi.

Kesho ni Alhamisi, tunafanya dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, zile za kurusha mpira. Kidole kimevimba lakini kinakunja. Nimekaa na tableti namwangalia yule lainibeka wao, nimerudisha nyuma video weee mpaka nimekiona: akiwa anataka kuvamia, mguu wa kushoto unatangulia kidogo, akiwa anarudi nyuma miguu iko sawa. Kesho nitausimamisha hivyohivyo kila kadi, ili kwotabeki wetu, mrushaji wa mpira, auzoee na Jumapili auone mapema.