Wifi kaniuliza swali

Jioni hii, Tabata. Umeme umekatika, tuko barazani na wifi tunachambua mchicha.

Mwezi uliopita mimba yake ilitoka. Wiki ya tisa.

Mara akauliza: “Wifi, hivi alikuwa ameshapata roho?”

Mimi si padri jamani. Nikamwambia ninayoyajua.

Tertuliano, mwandishi Mkristo wa zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, aliona roho na mwili huanza pamoja, mimba inapotungwa. Thoma wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, akamfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: roho ya kibinadamu huja baadaye, wa kiume siku ya 40, wa kike anangoja zaidi.

Wifi akacheka kidogo. “Hata huko foleni ni yetu?”

Nikamtajia na Luka 1, kitoto kilivyoruka tumboni mwa Elisabeti. Akanyamaza.

Nilipotazama ungo wake, umejaa mabua matupu. Majani yote kayatupa chini, hana habari.

Nikaanza kuyaokota moja moja. Sikusema kitu.

Dada zangu mliopitia haya, kanisani kwenu mliambiwaje? Niandikieni hapa, nitamsomea.