Mgongo Ushike, Mashungi Yabaki Huru

Zulia la manyoya mazima ya kondoo, lisilo na ngozi, uzi wala mshono, linaitaka sufu ifanye mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja. Upande wa chini, ule uliopitiwa na mkasi, lazima ushikane mpaka usiachie hata unywele mmoja. Upande wa juu, mashungi lazima yabaki marefu na yaliyoachana, yakicheza kila mkono unapopita. Maji ni yaleyale, sabuni ni ileile, mikono ndiyo hiyohiyo. Kwa hiyo kila uamuzi, tangu kuchagua manyoya hadi kuanika, unarudi palepale: vipi upande mmoja ushikane bila kuuchokoza wa pili.

Jibu limo ndani ya unywele wenyewe. Unywele wa sufu una magamba madogo sana yanayoelekea nchani. Upitishe vidoleni kutoka mzizini kwenda nchani, unateleza. Urudishe kinyume, unakwaruza. Maji ya moto yakichanganyika na sabuni yenye alkali yanayanyanyua magamba hayo na kuulainisha unywele. Ukiusugua hapo, unajongea, lakini unajongea upande mmoja tu, mzizi ukiwa mbele, kwa sababu magamba hayauruhusu kurudi ulikotoka. Ndiyo maana manyoya hulazwa kifudifudi, mashungi chini na mikato juu: mizizi yote inaitazama sufu iliyochanwa itakayotandazwa juu yake kuwa mgongo wa zulia, na nywele zinaingia mgongoni zenyewe. Mtu akitandaza sufu ya mgongo juu ya upande wa ncha, atasugua mpaka mikono ife ganzi, na mgongo utabanduka wote kwa mkupuo.

Si kila kondoo anafaa. Gotland, Leicester, Lincoln na Wensleydale wana mashungi marefu yenye mawimbi na wanashikana vizuri. Kondoo wa Aislandi ana sufu ya tabaka mbili, laini fupi karibu na ngozi na ndefu ngumu juu yake. Ile fupi inawahi kushikana huku ndefu ikibaki huru, na kwa zulia la aina hii sidhani kuna sufu iliyo rahisi kuliko hiyo. Merino inashikana haraka, haraka mno kwa anayeanza, maana uso nao unaganda kabla mgongo haujamaliza. Suffolk, Southdown na Dorset Down waachwe. Sufu yao inanesa kama sponji na inakataa kushikana, hata maji yawe moto kiasi gani.

Kabla ya kuyachukua manyoya, chomoa shungi moja, shika ncha zote mbili, ulivute ghafla karibu na sikio. Likitoa mlio mkavu na kubaki zima, ni zuri. Likichakacha na kukatika mahali pamoja, kondoo huyo aliugua au alikosa malisho wakati fulani, na sufu yote itakatika hapohapo zulia likianza kukanyagwa. Urefu mzuri wa shungi ni kati ya sentimita 8 na 15. Likizidi hapo linapendeza machoni lakini linajisokota na jirani zake kila unapoliviringa zulia.

Manyoya yatandazwe juu ya turubai au wavu, mikato ikiwa juu. Toa sufu ya tumbo, ya miguu na ya matako, yote yenye mavi, na ile ya shingoni iliyojaa mbegu za nyasi. Kisha kuna kitu ambacho wengi hawakitazami: vipande vifupi vya sentimita 1 au 2 vilivyobaki pale mkasi ulipopita mara mbili. Vinakaa kati ya mizizi na mgongo, vinajiviringa kuwa vidonge, na popote vilipo mgongo haushiki. Inua manyoya pembe mbili uyakung'ute polepole, kisha pitisha viganja juu ya mikato ukiviokota. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Ifanyike nje, glavu zivaliwe, na pua ifunikwe. Huko Bradford, Uingereza, katika karne ya 19, kimeta kiliitwa ugonjwa wa wachambuzi wa sufu kwa sababu vumbi la manyoya ndilo lililowaua. Hatari hiyo leo ni ndogo sana, lakini mavi makavu ni mavi makavu.

Je, yaoshwe kwanza? Hapa watu wanabishana. Kuosha kunayasambaratisha manyoya, mashungi yanaachana na mpangilio wake, na kuyarudisha ni taabu. Upande mwingine, mafuta ya sufu yakiwa mengi maji hayapenyi na mizizi haitembei. Msimamo wangu ni huu: manyoya ya mashungi marefu yenye mafuta kidogo huenda kazini bila kuoshwa, yakisafishika humohumo wakati wa kushikana. Merino na wenzake, ambao mafuta na uchafu vinaweza kufika theluthi hadi nusu ya uzito, waloweshwe kwanza. Kulowesha kwenye maji baridi usiku kucha, manyoya yakiwa yamelazwa ndani ya wavu, kunatoa jasho la kondoo na udongo mwingi. Mafuta yenyewe hayatoki kwa baridi. Yanayeyuka kwenye nyuzi joto 38 hadi 40 hivi za Selsiasi, kwa hiyo maji ya sabuni yawe ya nyuzi 60, manyoya yakae dakika 15 bila kuguswa, na yatolewe kabla maji hayajapoa. Yakipoa yakiwa ndani, mafuta yanarudi juu ya sufu yakinata kuliko mwanzo. Maji hayo yasimwagwe kwenye sinki, maana mafuta yataganda ndani ya bomba. Yamwagwe bustanini.

Kwa ajili ya mgongo unahitaji sufu safi iliyochanwa, ya kondoo anayeshikana vizuri. Kwa mtandazo wa sentimita 120 kwa 90, gramu 400 zinatosha. Zigawe mafungu manne ya gramu 100 kwa mizani, usikisie kwa macho, kwani macho hulipendelea fungu la kwanza. Tabaka la kwanza nywele zielekee urefu wa zulia, la pili upana, la tatu urefu tena, la nne upana. Kila tabaka liwe jembamba, kivuli cha kiganja kiweze kuonekana kupitia kwake. Tabaka nene moja linashikana juu na chini huku katikati likibaki kavu na legevu, na kasoro hiyo huioni mpaka zulia lianze kujigawa. Kingoni ongeza kidogo, kisha rudisha ndani sentimita 3 za sufu inayozidi, la sivyo kingo zitakuwa nyembamba zenye mawimbi.

Chini kabisa kuna mkeka au plastiki yenye viputo, juu yake manyoya kifudifudi, kisha tabaka nne, kisha neti. Kwaruza sabuni ya mche isiyo na manukato, kama gramu 30 kwa lita 4 za maji ya nyuzi 50 au 60. Nyunyiza kuanzia katikati ukielekea pembeni, halafu bonyeza kwa viganja vilivyokunjuliwa. Bonyeza tu. Hewa itoke, maji yashuke hadi kwenye mizizi. Palipobaki pamevimba pana ukavu chini yake. Maji yakizidi mpaka sufu inaelea, nywele hazigusani na hakuna kinachoshikana, basi yanyonye kwa taulo. Sabuni ikizidi, povu linapanda hadi kwenye kifundo cha mkono na kila kitu kinateleza. Povu liwe jembamba na mkono uhisi ukinzani kidogo.

Dakika 10 za mwanzo ni za kugusa tu, viganja vikizunguka juu ya neti bila uzito. Nguvu ikija mapema inazisukuma tabaka zote pamoja badala ya kuuacha kila unywele utembee peke yake. Baada ya hapo ongeza uzito taratibu kwa dakika nyingine 20, ukiinua neti kila mara, kwa sababu nywele za mgongo hupenya kwenye matundu yake na kuifanya neti kuwa sehemu ya zulia. Kisha ubane mgongo kwa vidole viwili. Zikija nywele chache peke yake, endelea. Likija tabaka zima, limeshikana. Hapo funua pembe, shika shungi moja kwa upande wa pili, ulivute polepole: mgongo ufuate shungi. Shungi likitoka mkononi huku mgongo umetulia, mizizi haijaingia, na kuliviringa zulia sasa ni kuharibu.

Kuviringa ndiko kunakomaliza mgongo na ndiko kunakouhatarisha uso. Tumia bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10. Fimbo nyembamba inaweka makunyanzi. Viringa zulia pamoja na mkeka, funga ncha mbili kwa kamba, usukume mbele na nyuma kwa mikono kuanzia viganjani hadi viwikoni, mara 100. Fungua, nyoosha, geuza robo duara, rudia, mpaka pande zote nne zipite. Zulia hunywea zaidi kuelekea upande linakoviringishwa, na hilo ni la kutumia: likiwa refu kuliko ulivyotaka, liviringishe kwa urefu mara mbili zaidi; pembe moja ikitokeza, liviringishe kutokea pembe hiyo.

Na kila unapofungua, pindua zulia uyatenganishe mashungi kwa vidole, moja moja, kutoka mzizini kwenda nchani. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na hatari yake ni kwamba mwanzoni uso unaonekana mzima. Mashungi mawili yaliyokumbatiana kidogo yanaachana kwa kidole. Yakipita mizunguko mingine 200 yanakuwa kamba, na kamba haifunguki, kwa kuwa kushikana kwa sufu hakuna kurudi nyuma. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaolipiga zulia hili mezani au kulirusha ndani ya beseni kwa nguvu. Kwa feliti bapa, yaani kitambaa cha sufu iliyoshikana pande zote mbili, ni sawa kabisa, lakini hapa unaugandisha uso kwa kuharakisha mgongo. Mafundi wa Kirigizistani, ambao mazulia yao ya ala-kiyiz na shyrdak yaliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, huviringa ala-kiyiz ndani ya mkeka wa matete na kuibana kwa nguvu zote. Ni bapa pande zote mbili. Haina mashungi ya kuhurumiwa.

Simama pale mtandazo wa sentimita 120 unapofika kwenye 95 hivi, mgongo ukiwa na unene wa milimita 5 na hauvutiki hata ukiushika kwa mikono miwili. Zulia lililonywea asilimia 10 tu bado ni legevu, litaacha nywele sakafuni kwa miezi. Suuza kwa maji ya vuguvugu kwa kumimina, bila kukamua kwa kupinda, mpaka maji yatoke safi. Suuzo la mwisho liwe na vijiko vitatu au vinne vya siki katika ndoo ya lita 10, loweka dakika 20. Alkali ikibaki ndani ya sufu inaidhoofisha, na mgongo unakuwa mkavu na wa kukwaruza.

Liviringe ndani ya taulo, likanyage, kisha lilaze juu ya kimia au mbao zilizoachana, kivulini, mashungi yakiwa juu na yamepangwa kwa vidole. Usiliamini kwa kuligusa. Sufu inaweza kubeba maji karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kwa hiyo lipime: uzito usipobadilika siku mbili mfululizo, limekauka. Likiwekwa sakafuni mapema litavunda chini. Kabla ya kuliingiza ndani, lifunge kwenye mfuko na uliweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kwa ajili ya mayai ya nondo ambayo huenda yamebaki. Baada ya hapo lipigwe jua fupi na kukung'utwa mara kwa mara, na mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi inayozunguka isilipitie kabisa, maana itayasokota mashungi kavu.